Mwenye Miguu Mifupi Atangulie

Ndugu, jamaa, majirani, walimu na wanafunzi wa zamani, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mlio juani msogee chini ya turubai, kwa sababu mzee wetu hakupenda mtu asikilize habari ndefu akiwa amesimama. Yeye mwenyewe aliomba historia yake isiwe na namba nyingi, na sababu mtaisikia, lakini tarehe hazikwepeki, hivyo tutazitaja zile za lazima, na yaliyobaki tutayasema kama alivyokuwa akiyasimulia mwenyewe, kwani hakuwahi kuyaficha.

Baba yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, upande wa pili wa mlima huu unaoonekana nyuma ya paa la shule, akiwa mtoto wa mwisho wa mkulima wa viazi na mama aliyefinyanga vyungu. Alianza shule mwaka 1959, katika darasa lenye sakafu ya udongo, akajifunza kuandika kwa kijiti kabla ya kupewa kalamu, na mwaka 1965, ulipofika wakati wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilibidi avuke mlima kwa miguu, kwa maana mtihani ulifanyika upande huu peke yake. Walipanda watatu, yeye, kaka yake na baba yao, na babu yetu huyo, ambaye hakujua kusoma ila aliijua njia, alimsimamisha mbele yule mdogo, akasema, "Mwenye miguu mifupi atangulie. Akichoka yeye, tumechoka wote." Kaka mtu alinung'unika njia nzima kwamba wanatambaa kama konokono, lakini walifika pamoja, na baba alifaulu, akawa mtoto wa kwanza wa kijiji chao kuendelea na masomo, na tangu siku hiyo, kama alivyokuwa akisema, akaikumbuka karatasi ya mtihani na kuisahau njia.

Alisomea ualimu kwa miaka miwili, akapangiwa shule hii ya hapa bondeni mwezi Januari 1973, na hakuhama tena mpaka alipostaafu. Nyumba ya mwalimu aliyopewa ilikuwa na chumba kimoja, dirisha linalotazama mlima na mlango usiofungika vizuri, na kwa kuwa kila likizo alivuka kwenda kuwaona wazazi wake, suruali zake zilikuwa zikichanika magoti, akawa mteja wa fundi cherehani wa barabara ya sokoni, binti mpole mwenye ulimi mkali. Alipeleka suruali ya kahawia mara ya kwanza, akaipeleka mara ya pili, na mara ya tatu yule fundi aliishika kwenye mwanga, akaigeuza, akamwambia, "Mwalimu, hapa haijachanika, hapa umekata na mkasi." Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977, na fundi yule ndiye mama yetu, aliyeketi hapa mbele, na suruali ile bado anayo.

Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza wa kiume ambaye ni mpimaji wa barabara, wa pili wa kike ambaye ni muuguzi, na kitindamimba wao, wa kike pia, ambaye yuko hapa na mume wake na mtoto wao.

Katika kazi, baba yetu alikuwa mwalimu wa darasa la mtihani kwa zaidi ya miaka thelathini, na wengi wenu mliopita mikononi mwake kabla ya mwaka 2006 mlimjua kwa jina la Mwalimu Namba, jina alilolistahili. Kila Ijumaa alitoa jaribio, na kila Jumatatu asubuhi darasa zima lilihama, aliyeongoza akakaa dawati la mbele kushoto, aliyefuata akakaa ubavuni mwake, hivyo hivyo mpaka wa mwisho aliyekaa karibu na mlango, pale upepo unapoingia. Aliwaita watoto kwa nafasi zao, na akikutana na mzazi dukani hakuuliza habari za mtoto, aliuliza, "Namba Nne hajambo?" na mzazi alijibu huku ameinua kidevu au ameinamisha kichwa, kutegemea namba. Hata nyumbani aliutia mchuzi alama, akasema leo saba kwa kumi, mpaka siku mama alipoweka mwiko mezani mbele yake na kusema, "Basi kesho pika wewe, tukusahihishe." Hakuwa mkatili, ndugu zangu, hakuwahi kumpiga mtoto kwa sababu ya alama, aliamini tu kwamba namba ndiyo iliyomvusha yeye mlima, na kwamba kila mtoto akioneshwa namba yake waziwazi atakaza mwendo.

Kila mwaka, baada ya mtihani wa majaribio, aliwapandisha watahiniwa mlimani mpaka kibanda cha wasafiri kilichoko juu, ili wapumue kidogo kabla ya mtihani wenyewe, na hata huko walipanda kwa kufuata alama, wa kwanza darasani akawa wa kwanza njiani, baba akiwa naye mbele, wakizungumza hesabu. Mwaka 2006 kitindamimba wake alikuwa katika darasa hilo, msichana mkimya, mwenye mwandiko mzuri na hesabu mbaya, naye alikuwa wa arobaini na tatu, na nyuma yake alikuwepo mvulana mmoja tu, wa arobaini na nne. Walipokaribia kibanda, ukungu uliteremka ghafla, wa mbele wakakimbia kwa kuwa walizoea kwamba wa mbele ndiye mshindi, na baba alipohesabu vichwa ndani ya kibanda, vichwa viwili vya mwisho havikuwepo.

Aliwaacha watoto kwa mwalimu mwenzake, akarudi chini peke yake, akiita katika ule weupe usioonesha hata ncha ya kiatu, na kwa mazoea ya miaka yote ile akaita, "Arobaini na tatu! Arobaini na nne!" Aliita mpaka sauti ikakauka, mlima ukamrudishia namba zake, na hakuna aliyeitika. Binti yake alikuwa ameketi chini kidogo ya njia, nyuma ya jiwe, pamoja na yule mvulana aliyeteguka mguu, amevua sweta lake na kuufunga mguu wa mwenzake, na alisikia tangu mwito wa kwanza, kama alivyokuja kusema baadaye, ila hakuona kama anayeitwa ni yeye, na mwenzake vilevile. Ni pale baba alipochoka kuwa mwalimu, akalia na kuita jina lake, lile la utotoni analoitwa nyumbani tu, ndipo ikaja sauti ndogo kutoka pembeni kabisa ya miguu yake, "Niko hapa, baba." Alimbeba mvulana mgongoni, binti akamshika upindo wa koti, na neno moja tu binti alilolisema mpaka kibandani lilikuwa, "Usiende haraka."

Jumatatu iliyofuata hakuna aliyehama dawati. Baba aliingia darasani, akawaambia kila mtu akae anapopenda, akaita orodha kwa majina, na alipofika kwa baadhi yao alisita, kwa sababu hakuwa na hakika ni nani, na hilo, alisema, lilimuumiza kuliko ukungu. Tangu mwaka ule, safari za mlimani alizipanga kama babu alivyompanga yeye, mwenye mwendo wa polepole mbele, mwenye mbio nyuma, na nyuma ya wote yeye mwenyewe, hivyo watoto, ambao hawakosi jina la kumpa mtu, wakamwita Mwalimu Nyuma. Wazazi hawakupenda, mwenye duka mmoja alimjia mpaka mlangoni akasema, "Tumekupa watoto uwafundishe, si uwachunge," naye akamjibu, "Mzee, hata mchungaji hutembea nyuma, anayekimbilia mbele ni mbuzi." Mwalimu mkuu alimwita ofisini akitarajia alama kuanguka, na alama hazikuanguka wala hazikupanda, jambo lililowaudhi waliotaka kumlaumu na waliotaka kumsifu pia.

Lakini kwa kitindamimba wake alikuwa amechelewa. Mtihani ulifanyika, matokeo yakaja, na ilikuwa kazi ya baba kuyabandika kwenye ukuta wa ofisi, akabandika kwa mkono wake karatasi ya waliofaulu ambayo jina la mtoto wake halikuwemo, akarudi nyumbani akakuta ameshajua, yuko uani anafua. Binti hakumlaumu, alimsalimu kila asubuhi, akampelekea maji ya kuoga, akajifunza cherehani kwa mama, ila mlimani hakurudi. Kila mwaka baba alisimama mlangoni kwake na kusema, "Mwanangu, Jumamosi tunapanda," na kila mwaka jibu lilikuwa, "Nina nguo za kufua, baba," mpaka mama akasema nyumba hii ina nguo safi kuliko hospitali. Hakumlazimisha. Aliwaambia rafiki zake kwamba ana deni moja tu duniani, na si la fedha, ni la kutembea na mtoto wake njia ile mara moja zaidi, kwa mwendo wa huyo mtoto.

Alistaafu mwaka 2011, na dunia ikabadilika mbele ya macho yake. Barabara ya lami ilipasua mlima, na mwana wake mkubwa alikuwa miongoni mwa walioipima, safari iliyomaliza siku nzima ikawa ya saa moja kwa gari, kibanda cha wasafiri kikafungwa, pakasimama mnara wa simu. Hakuichukia barabara, aliisifu, na kwenye gari alidai kiti cha mbele, akaeleza kila kona kama ameijenga yeye. Kilichomsumbua ni mitihani, kwamba watoto sasa wanasoma kabla jua halijatoka na baada ya kuzama, kwamba matokeo yanafika kwenye simu katikati ya chakula, naye alisema, "Zamani tulimwaibisha mtoto ukutani, alikuwa na hiari ya kutopita pale. Siku hizi tunamwaibisha mfukoni, atakwenda wapi?"

Mwaka 2015 kitindamimba aliposwa na fundi seremala, ambaye si mwingine ila yule wa arobaini na nne, na siku alipoletwa na wazee wake, baba alimtazama kwa muda mrefu kisha akauliza mbele ya watu wote, "Kijana, niambie ukweli leo, ule mguu uliteguka, au uliutegua?" Alicheka mpaka akashikiliwa kiti, akawapa baraka, na mwaka 2017 akapata mjukuu.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, na daktari akamkataza milima. Ndipo mwaka uliofuata mjukuu, akiwa na miaka mitano, alirudi kutoka shule ya awali na karatasi yenye namba kubwa nyekundu, nafasi yake darasani, akampa babu yake asome. Baba aliitazama karatasi ile, akaikunja, akakunja tena, ikawa kofia, akamvika mtoto kichwani na kumuuliza, "Wewe unaitwa nani?" Mtoto akataja jina lake. "Sikusikia, unaitwa nani?" Mtoto akalitaja kwa nguvu zaidi, mpaka jirani akaitika, na mama wa mtoto, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi, akaiweka chini. Jumamosi ile, bila kuombwa, alimwambia, "Baba, leo sina nguo za kufua."

Mwana mkubwa alileta gari, baba akamwambia alipeleke likaoshwe. Hawakwenda juu, walikwenda mpaka chemchemi ya kwanza tu, kwa njia ya zamani, tarehe 13 Agosti 2022, na walipofika mwanzo wa njia baba alisogea pembeni, kama alivyozoea, ili wampite. Binti hakupita. "Mimi ni wa nyuma," baba akasema. "Kanuni ni yako, baba," binti akamjibu, "mwenye miguu mifupi atangulie, na leo miguu mifupi ni yako." Kwa hiyo alitangulia, kwa hatua za mtu anayetafuta kitu chini, akasimama kila alipotaka kusimama, na nyuma yake alikuja binti na mtoto wake, wala hawakumharakisha. Jioni alimwambia mama kwamba miaka yote ile ya kutembea nyuma alikuwa hajui jambo moja, kwamba aliye mbele haoni mtu, husikia tu nyayo za wanaomfuata, na akasema, "Nilizisikia zake njia nzima."

Alilazwa mwezi Januari mwaka huu wa 2023, akafariki alfajiri ya tarehe 11 Februari, akiwa na mama na watoto wake wote, viatu vyake vya mlimani vikiwa chini ya kitanda, kwani wauguzi walichoka kuviondoa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomvumilia alipowauliza majina yao kila asubuhi na kuyakumbuka, inawashukuru majirani waliochota maji na kuwasha majiko ya watu wengi, walimu wenzake waliofunga shule ili wafike, na wanafunzi wake wote, wa mbele na wa karibu na mlango.

Sasa tutamsindikiza makaburini, na pana mwinuko kidogo. Tunaomba twende kwa utaratibu wake, jeneza litangulie, wafuate wazee na watoto wadogo, wenye nguvu wabaki nyuma ya wote, na asiwepo atakayempita mwenzake.

Baba, umetangulia, nasi hatutakuharakisha, sikiliza tu nyayo, ni zetu. Pumzika kwa amani, Mwalimu Nyuma.