Kampuni Iliyonipa Ufunguo Siku Ile Ile

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, nanyi vijana wenzangu mliopata leseni juzi. Mniwie radhi nikisoma. Nikitazama watu usoni maneno hunikimbia, kwa hiyo nimeyaandika kwanza nyumbani, Kwamndolwa.

Nilipomaliza kidato cha nne na kujifunza udereva, milango miwili ilikuwa wazi. Chama cha ushirika hapa Korogwe kilitaka nikae kando ya dereva mzoefu mpaka masika yaishe. Mwenye malori mmoja, simtaji, aliniuliza swali moja tu: "Unaogopa?" Nikasema siogopi. Akanipa ufunguo siku ile ile.

Ndugu zangu, nawaambia, usukani ule niliuona mtamu kuliko pilau. Baba alikwisha fariki, mama analima peke yake, nami nilitaka apumzike mapema.

Nikatumwa Kang'ata kuchukua mahindi, mvua ndiyo zinaanza. Sikuwahi kuendesha lori lenye mzigo. Tulijifunza kwa gari tupu. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko, nikakanyaga breki kama nilivyozoea. Magunia yakatusukuma, lori likateleza kwenye tope, likalala ubavu. Utingo wangu, alhamdulillahi, alitoka mzima. Mimi nilivunjika mkono. Wakulima waliacha majembe yao wakaja kunivuta nje.

Mwenye lori alipofika alilizunguka gari, akagusa magunia, akainama kutazama chini. Kisha akasema, "Wewe usirudi kazini." Habari za mkono wangu hakuuliza.

Mkono ulipona. Mimi sikupona. Nikisikia lori likibadilisha gia barabarani, naingia ndani kufunga mlango. Nyumbani walinisemesha taratibu kama mtoto mwenye surua, na mama akawa analikwepa hata neno gari. Nikatangaza kwamba nitalima tu. Kulima si aibu, wazee mnajua. Lakini mimi sikuwa nakwenda shamba, nilikuwa nakimbilia shamba.

Sasa, sisi Wazigua tuna watani wetu Wanyamwezi, na mtani haoni haya mbele ya msiba wa mtu. Mmoja wao ni dereva wa ushirika. Siku moja alikuja, akamwamkia mama, akanawa, akala ugali wetu bila kukaribishwa. Alipomaliza akanigeukia.

"Nasikia kuna Mzigua aliona lori limechoka, akalilaza."

Mama akashtuka. Yeye akaendelea.

"Ulilifunika shuka, au uliliacha na baridi yake?"

Nikacheka. Nikacheka mpaka kicheko kikawa kilio, mbele ya mama, na umri wangu huu. Mtani hakunibembeleza.

"Lia umalize. Nina mzigo wa Handeni, sipendi kusafiri peke yangu kama mchawi."

"Naogopa," nikasema. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Vizuri. Gari la asiyeogopa mimi sipandi."

Mama akaniletea viatu vyangu. Aliviweka miguuni pangu.

Tulipofika kwenye mteremko mmoja wa tope, mtani alisimamisha lori juu kabisa. Akavua viatu, nami akaniambia nivue, tukashuka kulikanyaga tope kwa nyayo. Pale lilipotubeba, palikuwa njia. Pale lilipotunyonya, tulipakwepa. Kisha akaweka gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, na breki akaigusa kama anayeamsha mtoto. Huko tambarare akahama kiti.

"Shika."

"Mikono inatetemeka."

"Itetemeke huku inashika."

Niliingia Handeni mimi ndiye dereva, polepole, baiskeli zikitupita, naye ananicheka njia nzima.

Ushirika walinipokea nikae kando yake mpaka masika yakaisha. Hakuna aliyenisuta.

Nawashukuru wakulima wa Kang'ata, ambao hata majina yao siyajui. Namshukuru mama. Na mtani wangu, namshukuru, ingawa kesho atanitangaza mji mzima.

Vijana wenzangu, mkienda kuomba kazi ya kwanza msiulize ufunguo mtapewa lini. Ulizeni mtakaa kando ya nani. Na masika yanakaribia tena. Kama yupo hapa mwenye leseni mpya naye anaogopa, asinyanyue mkono, najua aibu yake. Anifuate tu nje tukitoka. Kuzungumza na mtu mmoja naweza.