Mota Inayokubali Kusukumwa

Benchi la mbele ya duka la vipuri lilikuwa na mguu mmoja uliovunjika, limetegemezwa kwa rimu ya gari. Asubuhi ile Fundi Koili, mtengeneza redio, alitandika kitambaa juu yake akapanga mota tatu. Dada yake mkubwa ni mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, na haoni tangu utotoni. Meza ya sauti anaiendesha kwa vidole: vishikio kumi na viwili vya kusukuma mbele na kurudisha nyuma, kila kimoja na sauti yake. Tabu ni kwamba watangazaji wa zamu nyingine huviacha shaghalabaghala. Juzi muziki ulilipuka katikati ya tangazo la msiba. Meneja wa kituo akasema jambo hilo likijirudia, dada atahamishiwa mapokezi. Ndipo Koili akapania kutengeneza vishikio vinavyorudi vyenyewe pale dada anapopataka, na bado akivisukuma vikubali. Mota ndiyo iliyomtoa jasho.

— Weka ya waipa, alisema Spana, fundi wa magari, akijimiminia kahawa. Inafukuza mvua, itashindwa na kidude cha plastiki?

— Izungushe kwa mkono basi, Koili alimjibu.

Spana akaishika, akakaza meno, mishipa ikamtoka shingoni. Wapi!

— Ina gia ndani, Koili alisema. Mota huisukuma gia, lakini gia haikubali kusukumwa kutoka nje. Dada akisogeza, kinavunjika kishikio au kidole.

— Kidole kimoja hakivunji chawa! Atumie mkono mzima.

— Weye, methali hiyo umeivalisha suruali isiyo yake, alisema Mama Cherehani, mshonaji wa jirani. Cherehani yangu ya umeme gurudumu lake nalizungusha kwa mkono nikitaka. Siri ni mkanda. Ukiwa na ulegevu wa kiasi, unateleza.

Koili akamgeukia. Hilo la mkanda lilimwingia. Akaizungusha mota ya pili, ya printa: ta-ta-ta, kama vijino chini ya ngozi. Ya tatu, ya kaseti, haikuwa na gia. Ilizunguka laini kwa ncha ya kidole.

— Hako? Spana akacheka. Kakipigwa na upepo kanapata kichomi. Mimi ningefunga mota mbili: moja ya kusukuma, nyingine ya kuomba radhi.

— Mota huzoea mtu kama mbwa, alisema Kinyozi wa kibanda cha pili kwa uso mkavu. Dada alale nayo chini ya mto wiki nzima, itamjua. Si wanasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe?

— Jembe la nini tena?

— Sijui. Lakini wanasema.

Hapo fimbo nyeupe ikagonga ukingo wa barabara. Dada alikuwa anatoka kazini.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba. Nasikia mnanichagulia mota bila mimi.

Akakaa, wakampisha. Akagusa ya waipa: Huu ni ukuta. Akagusa ya printa: Hii ina kokoto. Mama Cherehani akakata kipande cha lastiki kiwe mkanda, Koili akakizungusha kwenye mota ya kaseti na kukifunga kwenye kishikio kimoja alichokuwa nacho mfukoni. Dada akasukuma. Kikaenda. Akarudisha. Kikarudi, hakikulalamika.

— Hii ina adabu, alisema.

Koili akagusisha waya kwenye betri. Kishikio kikapanda chenyewe chini ya kidole chake, na dada akacheka kwa sauti ile ile inayoamsha watu majumbani.

— Funga hii. Hii hii.

Kisha akakibana kidogo, kikiwa bado kinapanda. Mota ikavuma, lastiki ikateleza, kishikio kikawa kinamvuta naye anakivuta.

— Sasa mdogo wangu, akauliza taratibu, itajuaje kwamba ni mimi nimekishika, na si kwamba kimekwama tu?

Mama Cherehani akamtazama Koili, na Koili akatazama kidole cha dada yake. Halafu akapiga magoti, akalaza sikio lake karibu na mota, asikie mvumo wake unabadilikaje chini ya kidole.

— Shika tena, dada, akasema. Halafu achia. Halafu shika.