Viola Iliyopimwa kwa Mkono wa Mkewe

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Milimita hata mbele yake, alizaliwa tarehe 11 Machi 1951, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mshonaji. Jina hilo alipewa na baba yake. Aliambiwa ashike ubao usicheze, naye akamwambia mzee kwamba msumeno unakwenda upande. Alikula kofi, kisha mzee akapima, akakuta ni kweli, kwa milimita moja. Hakuombwa radhi, lakini tangu siku hiyo rula ilikaa kwake.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara kutoka karakana ya baba yake, akamaliza sekondari mwaka 1969 na kuhitimu useremala chuoni mwaka 1972. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Walimu walilalamika kwamba alichelewa kumaliza mitihani kwa sababu ya kupiga upya mistari ya pambizo.

Kazi ya kwanza aliipata kwa mzee mmoja aliyetengeneza piano na ala za nyuzi. Huko aliona michoro ya viola na selo za mafundi wa kale wa Italia, imechorwa kwa ukubwa wake halisi, na hapo ndipo tulipompoteza. Kwa wasiojua, viola ni dada mkubwa wa fidla na hubebwa begani. Selo ni kubwa zaidi, mpigaji huketi akaibana kwa magoti. Mwaka 1977 alifungua karakana yake chumba cha nyuma, akachonga ala hizo kwa mkono mpaka uzeeni, akiifuata michoro ile bila kuongeza wala kupunguza. Kama tundu moja la sauti lilikaa chini kuliko jenzake, naye aliliweka chini. Mkewe aliwahi kumwuliza, "Yule Mwitaliano angepiga chafya patasi ikateleza, na wewe ungeichonga hiyo chafya?"

"Ningeichonga, mama. Huwezi kujua sauti imejificha wapi."

Mke huyo, mwalimu wa muziki, alifika karakanani na viola iliyopasuka, akaambiwa aje kesho, na kesho hizo zikawa nyingi mno kwa ufa mmoja. Walifunga ndoa tarehe 4 Agosti 1979. Zawadi yake ya harusi ilikuwa viola mpya ya kipimo cha kale, yenye sauti nzito ya kupendeza, na kubwa kupita kiasi kwa mwanamke mwenye mikono mifupi. Alipolalamika bega, aliambiwa atazoea. Alipolalamika tena, aliambiwa kipimo kile kimekaa karne nne bila malalamiko.

"Waliolalamika wameshakufa," alimjibu.

Tusimung'unye maneno hata leo. Bega liliumia. Mwaka 1998 mkewe aliifunga viola kwenye sanduku lake, akaisukuma uvunguni, na hakupiga tena. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini huyu wetu alimwacha hata wa nyumbani kwake. Marehemu alijua kosa lake. Kulikiri ndiko kulikomshinda, na miaka ile ya ukimya iliwachosha wote wawili.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kudhoofika. Miguu ilivimba, ngazi zikawa mlima, na hospitali tukaizoea kama sebule yetu. Mwaka jana, siku aliyorudi kutoka wodini, kabla hajavua koti alimwambia mkewe, "Hebu nyoosha mkono." Akaupima kwa utepe wa kupimia nguo wa marehemu mama yake, kuanzia shingoni hadi kiganjani. Alikuwa amepima mbao maisha yake yote, na mkono wa mkewe ndio kwanza anaupima. Akaikunja michoro ya Italia, akaanza viola ndogo.

Alichonga kidogo, akalala sana. Sisi tulihofia ataiacha njiani. Daktari alipomwambia, "Mzee, pumzika sasa," alijibu, "Nitapumzika, daktari. Nina mkono wa mtu pale mezani." Binti yake mkubwa alimshikia mbao, lakini patasi hakuiachia. Ilipofika zamu ya vanishi, ambayo hukauka polepole na kwa matabaka, alisema hana muda huo. Akaifunga nyuzi hivyo hivyo, mti mtupu.

Mkewe aliiweka begani, akapiga wimbo mmoja kando ya kitanda.

"Imekaa?"

"Imekaa."

"Na bega?"

Mkewe aliishusha viola. "Umekawia, baba watoto."

"Si wanasema kawia ufike? Nimefika, sijafika?"

"Umefika."

Alifariki nyumbani alasiri ya Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, akiwa amelala. Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, kaka mmoja, na selo moja isiyo na shingo ambayo binti mkubwa ameahidi kuimalizia.

Viola ile haitapakwa vanishi, mjane amekataa. Sasa ataipiga hapa kaburini, wimbo mmoja tu, kwa sababu bega la miaka yote hiyo halikupona kwa miezi michache. Akimaliza, tumfukie mtu wetu. Alikuwa amechoka, na kazi aliimaliza. Mwenyezi Mungu ampe pumziko alilomwahidi daktari.