Mikono Nyuma: Miaka Thelathini na Minne ya Mama Justa Libenanga

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Mama Justa Libenanga anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika kitengo cha fiziotherapia cha hospitali yetu hapa Ifakara. Kamati ya sherehe imeniomba mimi Eustaki, msaidizi wake, niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajitahidi, lakini jamani, nina hofu, na sioni sababu ya kuificha maana yeye mwenyewe ameshaiona.

Alianza Oktoba 1991 akitokea Lupiro, enzi za kuvuka mto kwa pantoni. Masika alikuwa akifika na viatu mkononi, na bado saa moja na nusu mlango uko wazi. Kitengo kizima kilikuwa kitanda kimoja na kamba yenye kapi juu ya mlango, ya wagonjwa kunyooshea mikono. Leo vitanda ni vinne. Ile kamba ipo palepale, na ole wako uitundikie koti.

Wengi wanamfahamu kwa vita yake na chokaa. Misuli ya paja au ya kiwiko ikiumia vibaya, wakati mwingine mwili huweka madini ya chokaa ndani ya nyama mpaka unaota mfupa pasipohusika. Sisi wa huku tukiona uvimbe, mikono inatuwasha: maji ya moto, mafuta, kuchua, kuvuta. Kumbe ndiyo tunauchokoza. Tiba ya Mama Justa inahitaji moyo: vidonge vya kutuliza uvimbe, halafu mgonjwa akunje na kukunjua mwenyewe taratibu, na kiungo kikikataa aache. Miezi ikipita chokaa ikakomaa, picha ya eksirei ndiyo inayosema kama kuna haja ya kupasua. Muda wote huo mtaalamu anasimama mikono nyuma. Ukisahau, utasikia jina lako mpaka maabara.

Pua yake nayo ina historia. Kelestini, golikipa wa timu ya mtaani Viwanja Sitini, aliumia paja akakatazwa kuchuliwa. Akachuliwa. Asubuhi ya kliniki akaoga mara tatu kwa sabuni ya unga, lakini hata shikamoo hajamaliza, Mama Justa akanusa mafuta ya kuchulia, akamrudisha nyumbani. Siku hizi Kelestini anadaka vizuri tu na anaapa kwamba yule mama ni mchawi.

Sasa nifike panaponiuma. Aprili mwaka huu Nyamizi, mkulima wa mpunga na mama wa watoto watano, alipigwa na ng'ombe kwenye josho, kiwiko cha kulia kikateguka. Kilirudishwa vizuri. Nyumbani mama mkwe wake, kwa mapenzi yake yote, akakichua kwa samli asubuhi na jioni. Juni kikawa kigumu kama jiwe, na picha ikaonyesha chokaa. Mama Justa hakumgombeza yule bibi hata kidogo. Alimpa kazi: wewe ndiye mlinzi wa huu mkono, asiuguse mtu. Bibi akailinda kazi yake kuliko askari.

Aliyeuharibu ni mimi. Julai Mama Justa alikuwa likizo, nami nikataka akirudi akute maajabu. Nikaweka mikono mbele, nikauvuta mkono wa Nyamizi. Siku ile ulinyooka, nikajisifu kwa watu. Kesho yake ulivimba, na kwenye picha iliyofuata chokaa ilikuwa imeongezeka. Nilijua nimemkata mama wa watu mkono wa kupandia na wa kulia chakula. Mama Justa hakunishtaki kwa wakubwa. Alinipandisha basi mpaka kwa Nyamizi, nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikaomba radhi. Bibi alinitazama, akaniuliza: kwa hiyo sasa walinzi wa huu mkono tuwe wangapi? Nilicheka na machozi yakinitoka.

Tangu hapo ni polepole. Mama Justa ana kipimo chake: hotpoti ya ugali. Mgonjwa wa kiwiko anakata tonge, anajaribu kulifikisha mdomoni, na shingo ni marufuku kuinama. Agosti tonge la Nyamizi liliishia kifuani. Septemba picha ilionyesha chokaa imeanza kupungua, tonge likafika kidevuni. Jumanne wiki hii, kliniki yao ya mwisho pamoja, lilipanda na kupanda, likasimama vidole viwili chini ya mdomo. Mikono yangu nilikuwa nimeifunga mgongoni; ningeusukuma wake kidogo tu, tonge lingeingia. Mama Justa hakumtazama Nyamizi. Alinitazama mimi. Sikusogea. Nyamizi akalihamishia tonge mkono wa kushoto, akalila, akasema ugali hauna chumvi, na bibi, aliyemsindikiza, akacheka kuliko wote.

Mama, ahsante kwa viungo vyote ulivyovirudishia watu kazi zao, na kwa kunifundisha kuacha. Nenda Lupiro ukapumzike, bustani yako ikuzalie, magoti yako yasikuume, na sisi tukikukumbuka tusikusumbue sana kwa simu. Jumanne ijayo saa mbili Nyamizi anakuja. Nitasimama chini ya kamba yako, mikono nyuma, nikiogopa vilevile. Vile vidole viwili vilivyobaki umeniachia mimi.