Kuku ya Avoka Yenye Nilikatala

Batata na bamama, munisikilize mi pia. Munanijua: mama mujane wa Musonoi, mama ya batoto ine. Leo sikuje kulia, nakuja kusifu mutu, na huyu mutu ni avoka, mwenye kusemea batu ku tribinali. Musicheke kwanza.

Wakati bwana yangu alikufa, bandugu yake balisema nyumba ni ya kwao, mi nibebe batoto nirudie kwetu Mutshatsha. Nikaenda tribinali. Nikapata avoka kijana, suti muzuri, maneno tamu. Akaniambia nikae tu, ataniita. Nikakaa. Siku moja bashemeji bananiletea hukumu: nimeshindwa, nitoke. Eti juge, mwenye kukata kesi, aliniita na sikufika.

Sasa, huyu avoka angeweza kusema bajuge balikula bitu ya bashemeji. Nani hapa hangeamini? Mi ningekuwa wa kwanza. Lakini alifika kwangu na taksi-moto, ile pikipiki ya kulipa, suti imejaa vumbi ya mine kwenye banachimbaka shaba, kuku chini ya kwapa, sawa vile siye tunaendaka kulomba musamaha. Alisema siku ya kesi yangu alikuwa Tenke kwa kesi ya mutu mwingine, na hakunijulisha kitu.

Nilikasirika sana. Nikamuambia: "Tata, kuku ni ya kosa ya ndani ya jamaa. Hii ni kosa ya kazi. Enda useme ivi kwa bakubwa ya kazi yako."

Alirudia na kuku yake. Nilizani sitamuona tena.

Kumbe alienda. Alijishitaki mwenyewe kwa batonie, ule mukubwa wa baavoka bote. Kisha avoka mwingine, mama mumoja mukali mwenye batonie alinipatia, akaomba kesi yangu isikilizwe upya. Na kijana wetu akasimama mbele ya juge, benzake banamuangalia, akasema: "Huyu mama hakujua. Mi nilijua, na sikumuambia." Nililia, na haikuwa huzuni. Nilimuheshimu.

Nyumba ilibaki yangu na ya batoto. Yeye, bakamusimamisha kazi kwa muda.

Aksanti kwa ule mama avoka. Aksanti kwenu bamama ya kikundi, mulinilishia batoto wakati sikukuwa na bunga. Na mutu akiwakosea katika kazi yake, musimalize maneno ku kiwanja ya nyumba tu. Mumutume akaseme ku mwanga, mbele ya batu. Kuko batu banaweza.

Juzi nilimukuta ku soko. Akainamisha kichwa, akauliza kama nilimusamehe. Nikamujibu dada yangu iko na kesi ya shamba, na amekatala baavoka bengine bote. Anangoja siku batamurudishia ule kijana kazi yake, ili yeye ndiye amusemee.