Biazi Yangu kwa Kambi ya Batoto

Bamama na bababa wa kikundi yetu, Mungu ametuamusha bazima, tumushukuru. Mulisema leo mi nisimame nitoe ushuhuda. Bon. Ninasimama na hasira yangu, sikuiacha ku mulango. Mungu ananijua nayo.

Munajua mi nilikuwaka nauzisha tomati Goma, kila asubuhi napita mupaka ku Petite Barrière na beseni ku kichwa, mu baridi yenye iliniachia kikohozi. Siku moja mupaka ikafungwa, siye tuko mu mustari. Tulingoja, tulingoja, jua ikapiga, tomati ikaharibikia ku kichwa yangu, maji yake inashuka mu shingo. Ndugu zangu, ile siku biashara yangu ilikufa. Nikabaki na kashamba ka biazi bitamu kule Cyanzarwe, basi.

Sasa shule ya binti yangu ikaita bazazi: batoto bataenda kambi kule ku kilima, balale mu mahema, bajifunze kupanda miti na kujipikia. Kila nyumba ilete chakula. Nyumba yenye haikuleta, mutoto anabaki. Yewe! Na binti yangu alikuwa ameshafunga kitenge yangu ku miguu ya kitanda, analala chini yake, eti anajizoeza hema. "Mama, nitaenda?" Nikamuambia: "Utaenda." Na sikujua namna gani.

Nikajaza biazi mu kikapo ya mama yangu, nikaifunika na kitambaa vile tunafanyaka, mutu asione yenye mwenzake ameleta. Ku shule, baba moja wa komite, jina sitaitaja, akafunua kitambaa mbele ya batu yote.

"Mama, tunapeleka batoto kambi ama tunapeleka nguruwe?"

Batu bakacheka. Akatoa kikapo yangu ku meza, akaiweka chini. Nikairudisha. Akaitoa. Nikairudisha.

"We mama, husikie?"

"Ninasikia, Papa. Njo maana ninairudisha."

Akaishusha chini tena, akaisukuma na muguu. Na muguu, ndugu zangu! Binti yangu iko ku dirisha anaona. Nikakaa chini pembeni ya kikapo, na kitenge yangu ya kanisa. Nikasema: "Kama chakula yangu ni ya chini, na mi niko wa chini. Mutatupita hapa."

Nawaambia, hapa njo Mungu alitumika. Huyu mama wa kikundi yetu mwenye magoti inamuuma, usijifiche, mama, alikuja akakaa chini na mi, na kikapo yake ya maharagi. Akaninong'oneza: "Nikishindwa kusimama, utanibeba." Halafu mwingine akakaa. Na mwingine. Mulango ikafungwa na bamama. Mwalimu mukubwa akaona haya, akasema yote ipakiwe. Binti yangu akaenda.

Mulifikiri nimemaliza? Bado. Batoto baliporudi, shule ikatuita, eti batoto banataka kushukuru bazazi. Ule baba njo iko na mikro ya kusemea. Akashukuru mwenye alileta muchele, akashukuru mwenye alitoa voiture, gari ya kupeleka batoto. Siye, hata neno. Na bikapo yetu ilitupwa ku mulango, moja juu ya ingine, tupu. Tupu! Kwetu nani anarudisha kikapo tupu? Hata jirani maskini anatia chumvi kidogo ndani. Nikasimama nichukue yangu, nirudi nyumbani, nisikanyage pale tena.

Njo binti yangu akachukua mikro mu mukono ya ule baba. "Bazazi, mukae kwanza. Hatujashukuru bado. Nani aliondoa bikapo mu klasi yetu?"

Batoto bakakimbia, bakaileta, bakafungua klasi. Ndani ilijaa majani ya inturusu, ile mikaratusi, balikata kule ku kilima, bakafunga na kamba. Bakajaza bikapo, bakafunika. Binti yangu akapiga magoti, akanipa yangu na mikono mbili.

"Mama, ni ya kujifukiza, juu ya kikohozi yako ya baridi ya barrière. Biazi yako tulichoma mu majivu. Ya mwisho tuliigombania."

Bamama bakapiga bigelegele. Ule baba akanikaribia, anacheka-cheka: "Mama, sasa umefurahi?"

"Na batoto, ndiyo. Na we, bado."

Asante, mama wa magoti. Asante ninyi yote mulikaa chini na mi, halafu mukanisimamisha mu biashara: mupaka imefunguliwa, leo niko ku barrière tena, nauzisha biazi ya kuchoma. Neno yangu kwenu ni hii: mutu akikuletea kitu imefunikwa, pokea na mikono mbili, usifunue mbele ya batu.

Ule baba hajaomba musamaha. Namuombea kila asubuhi, meno imefungana. Kambi ingine inakuja. Nitaleta biazi, mu kikapo ileile, na nitaiweka ku meza.

Aitoe.