Mzee Kassimu wa Meza ya Viza

Tarehe 31 Machi 1972, Mzee Kassimu Hadji anastaafu baada ya miaka kumi na tisa katika ofisi yetu ya safari, hapa Rumonge. Aliingia mwaka 1953 kama mfagizi, akajifunza mashine ya kuandika wakati wa mapumziko, na kabla ya Uhuru tayari yeye ndiye alikuwa mwenye meza ya viza.

Uhuru ulipofika mwaka 1962, fomu zetu zote zilikuwa na jina la utawala ulioondoka. Mkuu wa ofisi alitaka tungoje mpya. Mzee Kassimu hakungoja. Alikaa wiki mbili akipiga nyingine, nakala tatu tatu, hadi utepe wa mashine ukapauka. Siku hizo watu walikuja kuomba pasipoti ya nchi mpya hata bila safari yoyote. Aliwaambia wakatafute safari kwanza.

Sisi wenye watoto wachanga alitutandikia mkeka nyuma ya kaunta. Mtoto akilia, alimwimbia masharti ya viza: pasipoti yenye miezi sita mbele, tikiti ya kwenda na kurudi, barua ya mwenyeji, kitabu cha chanjo, picha tatu. Watoto wetu walilala vizuri sana.

Lakini kazi yake kubwa ni ya mwaka 1966. Mama Anastasie wa Gatete alialikwa Thailand, ambako binti yake, Sista Émérance, angeweka nadhiri za daima tarehe 15 Agosti. Hawakuwa wameonana kwa miaka saba. Viza ya utalii ilitoka ubalozini Ulaya, kwa posta, wiki tatu kwenda na wiki tatu kurudi. Katikati ya Juni dosiye, yaani faili la maombi yake, ikarudishwa: kwenye picha Mama alikuwa amempakata mjukuu, na ubalozi ulitaka mtu mmoja.

Mama alikataa. Kwao, picha ya mtu peke yake ndiyo ile inayowekwa juu ya jeneza; kupigwa hivyo ni kujiitia kifo. Akasema basi, abaki na mjukuu wake. Posta ilikuwa inaondoka Alhamisi. Ikimpita hiyo, nadhiri zingewekwa bila yeye.

Mzee Kassimu hakubishana. Siku hiyo hiyo, Jumatatu, alikwenda kwa Mulamba mpiga picha, akakaa kitini peke yake, akapigwa. Picha akaibandika ukutani, juu ya kichwa chake, akaendelea na kazi. Jumatano asubuhi Mama, aliyekwisha kusikia habari ya picha hiyo, akaja kuangalia kama bado anapumua.

"Uko muzima, Baba Kassimu?"

"Chai nimekunywa vikombe viwili, Mama Émérance. Twende kwa Mulamba."

Mama akapigwa picha peke yake, amekaza uso kama anayemtazama askari wa forodha. Alhamisi dosiye ikaondoka. Viza ilifika tarehe 3 Agosti, na Mzee Kassimu akamsindikiza kwa lori hadi Bujumbura, kitabu cha chanjo kikiwa mfukoni mwake mwenyewe, kwa kuogopa Mama asije akakisahau.

Sasa anakwenda Minago, kwenye michikichi yake. Meza yake tunaishika, na hatutakubali mtu akwame kwa karatasi.

Mama Anastasie hajui kuandika. Ametuomba tumuwekee hapa neno lake: "Baba Kassimu, nilikuwa pale kanisani. Mutoto aliniona."

Murakoze cane, asante sana, Mzee wetu. Uwe na siku nyingi, na zote ziwe njema.